Mhazili na Utepe Mpya

Ndugu msomaji, hapana shaka unayo siku unayoikumbuka ambapo chombo ulichokizoea kazini kilibadilishwa pasipo wewe kuulizwa. Siku ya namna hiyo ilifika nyumbani kwangu hapa Masumbwe mwaka 2011, wakati mji wetu ungali katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga. Nimekaa nayo muda mrefu bila kuiandika, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Mama watoto wangu ni mhazili. Kazi hiyo aliisomea Tabora, katika Chuo cha Uhazili, miaka ya themanini, kwa taipureta ya chuma iliyokuwa nzito kama gunia la mahindi. Mwalimu wao aliwafunika mikono kwa kitambaa ili macho yasivisaidie vidole. Waliozaliwa juzi hawajui kengele ya mwisho wa mstari, wala karatasi ya kaboni iliyochafua ukingo wa shati, wala stensili ambayo kosa moja lilitaka kupakwa rangi na kusubiriwa ikauke. Nchi yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu mwaka 1974, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa, ilichukua miaka mingi mitambo hiyo kufika kwenye meza za wahazili wa mikoani. (Wako wanaotaka tuseme ngamizi, sina ugomvi nao, ila wateja wetu husema kompyuta.)

Alipopunguzwa kazini alifungua duka dogo la steshenari kando ya barabara kuu iendayo Ushirombo, na mwaka 2005 tukanunua kompyuta ya mtumba. Kuhama kutoka kwenye taipureta hakukumtisha. Mpangilio wa herufi ulikuwa ule ule uliobuniwa Marekani katika karne ya 19, hivyo vidole vyake vilikuta kila herufi mahali pake. Kijana aliyetuuzia alimfundisha yaliyobaki kwa muda wa wiki moja: juu ya kioo kuna mstari wa maneno; neno la kwanza ni "File", yaani jalada; ukilibofya linateremsha orodha, na humo utakuta kufungua, kuhifadhi na kuchapisha. Alikariri orodha zile kama mtoto anavyokariri hesabu za kuzidisha. Kwa miaka sita walimu, watendaji wa vijiji, watu wa vyama vya ushirika na wachimbaji wadogo walipata barua zao kwake, safi na kwa wakati.

Kisha kompyuta ile iliungua siku jenereta ilipoyumba, nasi tukanunua nyingine, nayo ya mtumba. Muuzaji alitusifia kwamba ina programu ya Word ya mwaka 2007, mpya kuliko ile yetu ya 2003. Tulifurahi. Nani hafurahii kipya?

Asubuhi ya pili walifika wachimbaji watatu na mkataba wa duara. Nieleze kwa wasiokaa katika maeneo ya dhahabu: duara ni shimo la kuchimbia, na mkataba wake hutaja mwenye eneo ni nani, anayetoa chakula na vifaa ni nani, wanaoingia chini ni akina nani, na mifuko ya mawe itagawanywaje. Mstari mmoja ukikosewa, watu waliokula sufuria moja hugeuka maadui. Wale watatu walitakiwa Kahama kabla ya saa za ofisi kufungwa, na basi lilikuwa linapita saa sita.

Kupiga chapa hakukumshinda. Kurasa mbili zilikuwa tayari kabla ya saa nne. Aliponyanyua macho ili achapishe, neno "File" halikuwepo. Mahali pa ule mstari wa maneno palikuwa na utepe mpana wenye vitufe na vipicha vingi, umegawanywa kwa vichwa vigeni. Kwenye pembe ya juu kushoto palikuwa na mviringo wenye rangi nne, ambao yeye, kama watu wengi katika nchi nyingi, aliuona kuwa ni nembo ya kampuni, pambo tu. Amri ya kuchapisha ilikuwa ndani ya pambo hilo. Alitafuta kwa nusu saa huku wateja watatu wamesimama nyuma ya kiti chake.

Hatimaye aliona kipicha kidogo cha disketi, akahifadhi mkataba kwenye flashi na kuwapeleka wateja wake mwenyewe kwa jirani, ng'ambo ya barabara. Jirani alikuwa na programu ya zamani. Jalada likakataa kufunguka! Programu ya 2007 ilikuwa inahifadhi maandishi kwa muundo mpya, ambao ile ya 2003 haikuweza kuusoma bila kuongezewa kiunganishi. Na kiunganishi, ijapokuwa kilitolewa bure, kilipatikana kwa njia ya intaneti, ambayo jirani hakuwa nayo. Basi likapita. Wale watu waliunakili mkataba wao kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, wakautia sahihi kwa kalamu. Malipo hatukuyapata, na kufikia jioni habari ilikwisha zunguka sokoni kwamba mama wa steshenari kompyuta imemshinda.

Nilipofika nyumbani nilimkuta hajawasha hata jiko. Nikasema maneno ambayo mume husema akidhani anatuliza. "Mama, hiyo ni kama gari jipya tu. Utalizoea."

Akaniuliza, "Baba, umewahi kuona gari jipya ambalo breki yake imefichwa ndani ya taa?"

Nikacheka. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikuelewa kwamba mwenzangu halalamikii ugeni wa mtambo. Alikwisha kuuvuka ugeni mkubwa zaidi, kutoka chuma hadi kioo, bila manung'uniko. Alichonyang'anywa safari hii ni kitu alichokilipia kwa miaka, yaani kule kujua pasipo kutazama. Mhazili hauzi karatasi. Anauza kujua huko.

Kwa haki ya waliofanya mabadiliko, hawakuyafanya kwa mzaha. Toleo la kwanza la Word kwa Windows, la mwaka 1989, lilikuwa na amri chache na mistari miwili tu ya vitufe. Kufikia lile la 2003 amri zilikuwa zimezidi 1,500, na mistari ya vitufe imezidi 30, mingi imefichika. Watumiaji waliandika kuomba mambo ambayo tayari yalikuwemo ndani ya programu, ila hawakuyaona. Nyumba iliyoongezwa vyumba kila mwaka hufika siku mwenyewe akapotea ndani yake. Basi waliamua kuibomoa na kuijenga upya.

Tena walipima kabla ya kujenga. Kompyuta za watumiaji waliokubali zilipeleka taarifa za kila kitufe kilichobofywa, na ikaonekana kwamba katika Word ya 2003 amri 5 peke yake, yaani kubandika, kuhifadhi, kunakili, kutengua na kukoleza herufi, zilikuwa karibu theluthi moja ya matumizi yote. Ni hesabu nzuri. Lakini taarifa zile zilisafiri kwa intaneti. Mtambo wetu uliowashwa kwa jenereta hapa Masumbwe, haujaunganishwa na chochote ila soketi, haukuhesabiwa. Mhazili aliyejifunza kwa kukariri njia, si kwa kuangalia picha, hakuwemo katika hesabu hiyo. Wala hapakuwekwa kitufe cha kurudisha sura ya zamani kwa anayeitaka.

Binti yetu alikuwa kidato cha tatu, amekuja likizo. Alikaa mbele ya mtambo, akabofya huku na huku kama anayepukuchua mahindi, na katika dakika kumi alikuwa amekwisha upata mviringo. Kisha alifanya jambo ambalo vijana wengi hulifanya bila nia mbaya: alimtoa mama yake kipanya mkononi mbele ya mteja akisema, "Mama, lete, hii rahisi." Mama yake alinyamaza, akaondoka kwenda kukaa nje.

Usiku ule nilimwita binti. Sikumkaripia. Nilimwomba ajaribu kufundisha bila kugusa kipanya hata mara moja, aseme tu kwa mdomo. Alirudi baada ya siku mbili akaniambia, "Baba, kumbe mama hapendi vipicha. Mama anataka vidole." Naye alikuwa ameligundua lililo muhimu kuliko yote: utepe ulibadilika, lakini njia za mkato za kibodi hazikubadilika. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza P, karatasi inachapishwa kama ilivyokuwa zamani. Kwa S inahifadhi, kwa B inakoleza. Hata kitufe cha F12 bado kilimletea mahali pa kuchagua muundo wa zamani wa jalada, ili mteja akienda na flashi kwenye ofisi yenye programu ya zamani asirudi na aibu. Aliyefunikwa mikono kwa kitambaa kule Tabora alikuwa na faida ambayo binti yake hakuwa nayo. Katika mwezi mmoja alikuwa anafanya kazi kwa kasi kuliko alivyofanya na orodha zake za kukariri.

Wengine wataniuliza kwa nini hatukuachana na programu za kununua. Swali la haki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure yenye orodha za amri kwa Kiswahili, na mrithi wa ukoo ule, LibreOffice, hata leo huonyesha orodha za mtindo wa zamani mpaka mtumiaji mwenyewe achague vingine. Fundi mmoja alitusihi tuihamie. Mama watoto alijaribu, akaipenda, akairudisha, kwa kuwa wateja walileta maandishi ya ofisi za serikali yaliyopigwa kwa Word, na majedwali yao yakafunguka yamepinda. Mwenye duka hachagui peke yake.

Alichofanya ni kununua kaunta buku. Kila amri aliipa mstari wake kwa Kiswahili, na pembeni akachora mahali inapokaa. Mwaka uliofuata, 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa na Wilaya ya Mbogwe ikamegwa kutoka Bukombe, vichwa vya barua vyote vya mji huu vilitakiwa kubadilishwa kwa mkupuo. Shinyanga ikafutwa, Geita ikaandikwa. Foleni ilifika barabarani, na vijana wa steshenari nyingine walikuja kuazima buku lile, wengine wakanakili kurasa zake. Nilimwona jirani wa ng'ambo miongoni mwao.

Kuhusu ule mviringo, waliouweka waliuondoa wao wenyewe. Katika toleo la 2010 neno "File" lilirudishwa mahali pake, juu kushoto. Lilipotufikia, mama watoto aliufungua ukurasa wake wa kwanza, akaukata mviringo aliouchora kwa mistari miwili, akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Limerudi." Hakusema neno.

Buku hilo lingali dukani, jalada lake limefungwa kwa gundi ya karatasi. Mwezi uliopita nililifunua nikimsubiri afunge duka. Ukurasa wa mwisho alikuwa amechora kitufe kilichoongezwa karibuni kwenye utepe, kile kinachojitolea kumwandikia mtu barua nzima. Mbele yake hakuandika maelezo, aliweka alama ya kuuliza tu. Nilitaka kumuuliza, lakini mteja aliingia na mkataba wa duara, naye akawasha mtambo upya.