Miiko ya Mji wa Kale: Kitale, Bungoma na Mchezo wa The Sims

Wapo miongoni mwetu wanaoiona michezo ya kompyuta kuwa upuuzi usiostahili kutajwa katika jarida la Kiswahili. Sikubaliani nao. The Sims, mchezo wa kuigiza maisha uliobuniwa na Will Wright na kutolewa mwaka 2000, ni utunzi kamili: una wahusika, mandhari na wakati, ila msuko huachiwa mchezaji. Nao wachezaji, kwa kuchoshwa na uhuru mwingi waliopewa, wamezoea kujiwekea miiko ya ziada. Aghalabu miiko hiyo hukusudiwa kujenga mji wa kale wa wakulima: umeme marufuku, simu marufuku, chakula ni kilichovunwa shambani tu. Mshairi wa arudhi atawaelewa mara moja, kwani naye hujifunga mizani kwa hiari yake.

Hoja yangu ni kwamba miiko hiyo, ikiletwa Kitale au Bungoma jinsi ilivyo, itasema uongo. Hukataza vyombo, lakini haigusi ardhi. Familia mpya katika The Sims huanza na fedha 20,000, ikajichagulia kiwanja kitupu. Hapana anayeuliza kilikuwa cha nani.

Kitale ya kale haikuwa hivyo. Reli ilipofika huko mwaka 1926, Trans Nzoia ilikwisha kutengewa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba humo. Kutoka Bungoma familia nyingi za Wabukusu zilihamia mashamba hayo pamoja na ng'ombe wao, zikitafuta malisho, zikawa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo.

Mchezaji na ajaribu basi miiko ya namna hii. Kizazi cha kwanza kisinunue kiwanja kamwe. Mkuu wa kaya atumie nusu ya siku zake katika shamba la jirani, wala asitoke humo bila kipande shingoni. Ng'ombe wakizidi idadi iliyowekwa, wauzwe kabla jua halijatua, hata kama ni wa mahari. Kizazi cha pili, baada ya 1963, kiruhusiwe kununua, lakini kwa kuchanga hisa na kaya nyingine, na ugawaji wa ploti ucheleweshwe hadi waliochanga waanze kufa. Mahindi chotara ya 611, yaliyotolewa na watafiti wa Kitale mwaka 1964, yasipandwe kabla ya hapo. (Hili la mwisho ni ukaidi wangu tu; nimekulia katika mahindi.)

Najua nitaambiwa kwamba mchezo ni wa kupumzisha akili. Sawa. Hata hivyo, dhana ya kiwanja kitupu si mchezo katika pande hizi. Mradi wa makazi wa Chebyuk, katika Mlima Elgon, ulianzishwa mwaka 1971. Ugomvi juu ya nani anastahili ploti humo ukachangia mapigano ya 2006 hadi 2008 yaliyoua mamia ya watu. Kila upande ulikuwa na simulizi yake ya zamani. Nayo hadithi zetu changa, zile tunazopelekeana kwa uhariri, zina kasoro hiyohiyo: kijiji cha babu chenye maziwa tele, pasipo nyapara wala mpaka.

Wahusika wa The Sims husema Simlish, lugha ya kubuni isiyo na maana yoyote. Miiko, kwa upande wake, lazima iandikwe kwa lugha ya watu. Tukiiandika kwa Kiswahili, maneno kipande, nyapara, skwota na hisa hayahitaji tanbihi.

Mwiko wa ng'ombe nimeuacha bila tarakimu makusudi. Wanachama watakaokwenda likizo Kitale, Bungoma au Webuye na wawaulize wazee ni ng'ombe wangapi walioruhusiwa katika shamba walikozaliwa, na ni nani aliyekuja kuwahesabu.