JOGOO WA CHAMA ANAFANYA NINI KATIKA NGAO YA TAIFA?



Jogoo ni ndege wa heshima. Hapa Werugha ndiye hutuamsha kabla ukungu haujaondoka vilimani, na kila Mkristo anajua ni nani aliyemliza Petro. Hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na yule mweupe aliyeshika shoka katikati ya Ngao ya Taifa, kwa maana huyo ana kadi ya chama.

Tumeambiwa tangu uhuru kwamba anaashiria alfajiri mpya, mamlaka na moyo wa kufanya kazi. Maelezo ya Serikali yenyewe hayafichi lililobaki: kwamba ndiye pia alama ya KANU, chama kilichoiongoza nchi kupata uhuru. Je, KADU ya Ronald Ngala, iliyopendwa sana hapa Pwani hadi ilipovunjwa mwaka 1964, haikuketi Lancaster House ikidai uhuru uo huo?

Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A, chama na dola vikawa kitu kimoja. Mwaka 1988 tukapangwa mlolongo kama watoto wa shule. Kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991 tulishangilia, tukasahau ngao. Basi mzee asiyejua kusoma, ambaye huchagua kwa alama, alikwendaje kupiga kura tarehe 29 Desemba 1992? Mfukoni alikuwa na shilingi: upande mmoja sura ya Rais Moi, kiongozi wa KANU, upande wa pili ngao na jogoo wake. Katika karatasi ya kura, jogoo tena! Ni refa gani huingia uwanjani amevaa jezi ya timu moja?

KANU iliangushwa mwaka 2002. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu, na Desemba 2018 zikatoka sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Sura za wakubwa zikaondoka. Jogoo akabaki upande wa pili, akilindwa na Jedwali la Pili la Katiba hiyo hiyo. Wako wanaosema chama kimekwisha kufa, tumwache ndege apumzike. Maiti gani husimamisha wagombea, kama KANU ilivyofanya mwaka 2022?

Hatusemi ngao ivunjwe. Simba na mikuki yao wabaki, Harambee ibaki, na mazao yabaki, pamoja na mkonge ambao Taita Taveta inaujua kwa jasho (habari ya ardhi yake ni ya siku nyingine). Jogoo pekee ndiye atoke.

Kura ya maoni haihitajiki. Yatosha theluthi mbili za wabunge na maseneta. Wakikataa, ipo njia ya saini milioni 1 za wapiga kura. Tunamtaka mbunge wetu na seneta wetu waseme hadharani wako upande gani. Nanyi wachungaji, tunawaomba meza moja kando ya mlango wa kanisa, Jumapili moja tu, tuweke daftari la saini.