Breki Hazifeli Ghafla

Basi la shule linapopinduka nchini mwetu, maelezo ya chanzo huwahi kutoka kabla majeruhi hawajafika hospitalini: "Gari lilifeli breki." Sentensi hii ni fupi, inaeleweka, na haimgusi mtu. Breki hazina mwajiri, hazina leseni, wala hazipandi kizimbani. Lakini kwa yeyote aliyewahi kushinda gereji, maneno hayo yanaeleza tukio la mwisho tu katika mlolongo wa matukio ambayo mtu fulani aliyaona, akayanyamazia au akanyamazishwa.

Hoja yangu ni hii: gari hutoa dalili mapema, na mara nyingi dereva huzisikia. Tatizo ni kwamba hatujampa dereva mamlaka ya kuliegesha gari hilo, wala hatumlipi fundi kwa kazi ya kutafuta chanzo. Ili hoja hii isibaki maneno ya darasani, hatuna budi kushuka hadi chini ya gari lenyewe.

Tuanze na breki. Magari mengi yanayobeba wanafunzi wetu, kama vile Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa na Toyota Hiace, hutumia breki za mafuta. Pedali ya breki ni kama mshipa wa mgonjwa. Mwenye ujuzi akiugusa husoma mengi. Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani ya mabomba. Ikizama polepole huku mguu ukiwa juu yake, na hakuna mafuta yanayovuja nje, yamkini mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha. Gari likivuta upande mmoja linapofunga breki, gurudumu la upande wa pili halifanyi kazi yake ipasavyo: pengine pistoni imeganda, au grisi imelowanisha laini za breki. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, kifaa kinachotumia mvuto wa ombwe kumpunguzia dereva nguvu ya kukanyaga hakipati ombwe. Katika injini nyingi za dizeli, pampu inayotengeneza ombwe hilo imefungwa nyuma ya altaneta. Kwa hiyo fundi umeme anayebadilisha altaneta huwa amegusa breki, ajue asijue.

Kuna na dalili isiyoonekana kwa macho. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyofyonza maji, ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mteremko mrefu, dereva akishuka kwa breki bila kutumia gia nzito, mafuta hayo huchemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedali huenda hadi sakafuni na gari haliitiki. Huko ndiko "kufeli ghafla" kunakozungumzwa, ilhali mafuta yenyewe yalianza kuchoka miezi mingi kabla. Tiba yake ni ya bei nafuu: kumwaga mafuta ya zamani, kutia mapya na kutoa upepo katika kila gurudumu. Watengenezaji wengi hushauri kazi hiyo ifanyike kila baada ya miaka miwili hivi.

Umeme nao una lugha yake. Basi likigoma kuwaka alfajiri, ada yetu ni kununua betri mpya, na baada ya wiki tatu betri hiyo nayo hulala. Hakuna aliyepima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, injini ikiunguruma, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kwa magari ya volti 24, zidisha mara mbili. Kisipopanda, mtuhumiwa ni altaneta, mkanda wake uliolegea, au waya wa ardhi ulioshika kutu mahali unapofungwa kwenye bodi. Kipimo hicho huchukua dakika chache.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye fyuzi. Fyuzi ikiungua mara kwa mara, maana yake ni kwamba mahali fulani waya umechubuka na kupiga shoti. Fundi mwenye haraka huweka fyuzi kubwa zaidi, au huifunga ile iliyokufa kwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara. Taa huwaka, mwenye gari hufurahi, na kuanzia hapo waya wenyewe, uliopita nyuma ya viti vya watoto, ndio unaofanya kazi ya fyuzi. Ndivyo moto unavyoanza.

Vivyo hivyo kwa gari linalochemsha. Badala ya kutafuta rejeta inakovuja, au kuangalia kama pampu ya maji na feni zinafanya kazi, thamostati hung'olewa na kutupwa, na galoni la maji huwekwa karibu na dereva. Tumetibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Kwa nini mafundi wetu, ambao wengi ni hodari, hufanya hivi? Kwa sababu hivyo ndivyo tunavyowalipa. Mwenye gari hulipia kifaa kilichobadilishwa. Hakuna anayelipia saa mbili za kutafuta chanzo. Fundi akisema, "Nimekagua, betri yako ni nzima, ni waya tu ulikuwa umelegea," huambulia hela ya soda. Akibadilisha betri, anapata ujira na pengine kamisheni ya duka la spea. Tumeuweka ujuzi wa kutambua katika daraja la chini kuliko kazi ya kubadilisha, kisha tunashangaa kuona kila kitu kinabadilishwa na hakuna kinachopona.

Dereva yuko katika hali mbaya zaidi. Ndiye anayesikia mlio wa chuma kwa chuma gurudumuni na kuhisi usukani ukicheza. Akimweleza mwajiri, jibu analifahamu: "Peleka hivyo hivyo, Jumamosi tutaangalia." Wengi hawana mkataba wa maandishi. Nje ya geti wapo madereva wengine wanaosubiri nafasi. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kumbebesha dhamana ya roho za watoto bila kumpa haki ya kusema hapana.

Na dola? Kikosi cha Usalama Barabarani hukagua mabasi ya shule hasa shule zinapokaribia kufunguliwa. Zoezi hilo ni jema, na askari wanaolala chini ya magari juani wanastahili heshima. Ila mwaka wa masomo una siku 194, yaani safari 388 za kwenda na kurudi. Basi likikaguliwa mara mbili kwa mwaka, zinabaki siku 192 ambazo hakuna mkaguzi ila dereva. LATRA hutoa leseni za usafirishaji na kusimamia masharti yake. Nayo haiwezi kuwa kwenye kila geti kila alfajiri. Ukaguzi wa kila siku lazima uishi ndani ya shule.

Hapa kuna funzo katika rangi tuliyoyapaka mabasi haya. Njano hiyo ilitoka Marekani, ambako ilikubaliwa mwaka 1939 katika mkutano ulioitishwa na Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kujadili viwango vya mabasi ya shule. Leo mtu anayetaka leseni ya kuendesha basi la shule huko hutahiniwa pia kulikagua kabla ya safari: huonesha kila sehemu na kueleza anachokitazama. Sisi tuliiga rangi, hatukuiga ukaguzi.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, taifa lilipoteza watu 35 katika basi moja la shule: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Sitaki kuhukumu chanzo cha ajali ile hapa. Nakumbusha tu kwamba waliokuwa ndani, pamoja na watoto watatu walionusurika, walikuwa 38, katika gari la aina ya Mitsubishi Rosa. Kila abiria anayeongezwa ni mzigo ambao breki zitalazimika kuuzuia, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kuzuia huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haisikilizi maombi wala rambirambi.

Nini kifanyike? Kwanza, kila basi liwe na daftari la ukaguzi wa asubuhi: pedali, kiwango cha mafuta ya breki, tairi na nati zake, taa, maji, mkanda wa feni, mlango wa dharura. Dereva na matroni watie saini. Pili, dereva akiandika kasoro ya breki, usukani au tairi, gari lisitoke hadi fundi aandike chanzo alichokikuta na alichofanya, na dereva asikatwe hata senti. Haki hiyo iandikwe katika mkataba wake na iwe sharti la leseni ya usafirishaji. Tatu, shule zinazopakana zichangie kumwajiri fundi mmoja aliyesomea VETA, alipwe mshahara kwa kuyaweka magari katika hali ya uzima, asitegemee spea anazouza. Nne, kamati ya wazazi ilisome daftari kila mwezi, na mkaguzi wa serikali akifika aanze na daftari kabla ya kutazama rangi.

Wamiliki wa shule watasema gharama zitapanda na wazazi hawataki kuongezewa ada. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu, hasa kwa shule ndogo, na mzazi anayedai usafiri wa bei ya chini kuliko dizeli yenyewe naye ni sehemu ya tatizo. Lakini daftari ni bei ya daftari. Mafuta ya breki ni rahisi kuliko betri ya tatu iliyonunuliwa bila kupimwa. Kinachogharimu kwa kweli ni siku ile basi linapoegeshwa na watoto wanachelewa. Gharama hiyo tukubaliane kuibeba pamoja.

Mzazi naye anayo la kufanya kesho asubuhi bila kungoja kanuni. Atazame ubavuni mwa tairi la basi la mwanawe: tarakimu nne za mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kisha amuulize dereva, kwa heshima na bila kumtishia, swali moja: "Ukiona gari lina kasoro, unaruhusiwa kuliacha?" Jibu atakalopewa, au ukimya wake, litamweleza hali ya basi hilo kuliko stika yoyote iliyobandikwa kiooni.