Kuabudu Mizimu au Kuwakumbuka Wafu?

Mwanafunzi, swali la mgongano wa dini ya jadi na Ukristo linapotokea, watahiniwa wengi huandika: "Waafrika waliabudu mizimu kabla ya kuletewa Ukristo." Mimi husahihisha karatasi hizi, na sentensi hiyo huniudhi kwa kuwa inakosea mara mbili.

Kwanza, neno "kuabudu". John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, alilipinga mwaka 1969 katika kitabu chake African Religions and Philosophy. Mzee anayemwagiwa pombe chini haabudiwi. Anapewa sehemu yake kama jamaa. Anaishi katika "sasa" maadamu yupo anayelikumbuka jina lake, kisha anazama katika "zamani". (Mbiti aliandika kwa Kiingereza, lakini maneno hayo mawili aliyaacha kwa Kiswahili.)

Pili, "Waafrika" gani? Simama Kona Baridi, barabara ya Magadi inapoanza kuteremka Bonde la Ufa. Wamaasai wa huko zamani waliwalaza wafu wao nyikani, wakaliwa na fisi. Kaburi la mawe lilikuwa la laiboni au mzee mkubwa. Walimwomba Enkai, ibada ya mababu haikuwa na uzito kwao.

Na si mbali na hapo, Upper Matasia, ndiko Wambui Otieno alikotaka kumzika mumewe, wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya. Mahakamani ilielezwa kwamba roho ya Mjaluo asiyezikwa kwao huwasumbua walio hai. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa.

Usikimbilie kuandika kwamba Ukristo ulishindwa. Wakristo walikuwa pande zote mbili, na majaji waliamua kwa mila za Kijaluo kuhusu mazishi. Kwa Mkristo, ufufuo hauchagui udongo. Kwa ukoo, udongo ndio hoja yenyewe: aliyelala mbali ametupwa. Mhusika wako akisisitiza kuzikwa kwao, basi, usimwite mshirikina upesi. Jiulize anaogopa kusahauliwa na nani. Alama za uchambuzi ziko hapo.

Hata "Mkristo" si neno moja. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba. Waprotestanti wengi hawawaombei wafu kabisa. Taja dhehebu, kitabu kikilitaja.