Natron si Ziwa la Mauti

Mwaka 2013 picha za ndege waliokauka kando ya Ziwa Natron zilizagaa dunia nzima. Mpiga picha Nick Brandt aliwaokota wakiwa wameshakufa, wamekakamaa kwa magadi, akawapanga kana kwamba wako hai. Hakuficha, alieleza mwenyewe alivyofanya. Ila picha zilikwenda mbio, maelezo yakabaki njiani, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba kiumbe akigusa maji yale hugeuka jiwe papo hapo.

Toleo hili linatangulia maonyesho yetu ya picha za Natron. Nataka msomaji ajue mapema tumechagua nini na tumekataa nini.

Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa katika ziwa hilo. Magadi yaleyale yanayobabua ngozi ndiyo boma lao: fisi na bweha hushindwa kuvuka tope lile kufikia viota. Wekundu wa maji, unaokolea kiangazi, hutokana na vijidudu vipendavyo chumvi, na heroe hupata rangi yao kwa chakula wanachochuja humohumo. Ziwa linaloleta vifaranga kwa maelfu, kuliita la mauti ni kulisingizia.

Na kwa kuwa heroe huzalia humo, tumekataa picha za viota zilizopigwa na droni, japo baadhi zilikuwa nzuri mno, na kuzirudisha kuliniuma. Heroe akishtuliwa huweza kulisusa yai lake. Hatuwezi kutundika ukutani uzuri uliopatikana kwa gharama hiyo.

Tuliyoipa ukurasa wa mbele ni picha ya ufa mmoja katika gamba la magadi. Ndani yake umenasa unyoya wa waridi, chembe nyeupe zimeushika kuanzia shinani hadi nchani. Nyingine inaonyesha kilele cha Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo jirani na ziwa, kikiwa cheupe. Mwenzetu mmoja alidhani ni theluji. Sivyo: lava ya mlima ule hutoka nyeusi, nyembamba kama uji, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe. Asiyeambiwa atajuaje?

Kwa hiyo chini ya kila picha mtasoma mwezi, saa na namna ilivyopigwa. Ya unyoya ni ya saa moja asubuhi. Mpiga picha alilala kifudifudi juu ya magadi, hakuugusa, akauacha ufani alipoukuta.