Picha ni Deni

Wapo wanaodhani kwamba kamera ya marehemu baba yangu ni pambo. Mgeni mmoja, mtalii, aliiona mezani kwangu hapa Wasso akataka kuinunua kwa dola, aiweke kabatini kwao Ulaya. Mjukuu wangu naye huniambia, "Babu, kitu hiki kimekufa. Simu yangu ina kamera tatu." Mmoja anaisifu na mwingine anaidharau, lakini kosa lao ni moja: wote wawili wanadhani kazi ya kamera huisha pale picha inapopigwa.

Kamera yenyewe inaitwa Semi Pearl. Ilitengenezwa Japani na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Konica. Aina hii ilitoka mwaka 1938, Japani ikiwa tayari vitani huko China. Ikifungwa inafanana na kasha dogo la chuma, ukubwa wa kitabu cha sala. Ukiifungua, lenzi hutoka mbele ikivuta ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Neno "semi" maana yake ni nusu: picha yake ni ya sentimita 4.5 kwa 6, nusu ya ile ya 6 kwa 9, kwa hiyo mkanda mmoja wa namba 120 hutoa picha 16 badala ya 8. Haina betri wala kipimo cha mwanga. Umbali unaukadiria kwa macho, na namba ya picha unaisoma katika kidirisha chekundu mgongoni.

Ilifikaje huku kwetu? Baba alikuwa dresa katika jeshi la Keya. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, hadi mto Chindwin ulipovukwa mwezi Desemba. Huko askari mwenzake alimpa kamera hii kwa pakiti chache za sigara, akisema ameiokota katika handaki la Wajapani. Baba hakuwa amewahi kushika kamera. Akafungua mgongo wake kutazama ndani, kumbe mkanda ulikuwamo, umekwisha kupigwa. Mwanga ukaingia, kila kitu kikaungua.

Habari za vita hakupenda kutusimulia, lakini hiyo aliisimulia mara nyingi. Alikuwa akisema, "Yule Mjapani labda alikuwa amempiga mama yake picha. Labda watoto wake. Nikazifuta kwa kidole kimoja." Hakujisamehe. Sisi watoto tulimwona mzee wa ajabu, mtu aliyeona maiti wengi kiasi kile kuhuzunikia mkanda wa adui.

Miaka ya 1960 alihamia Wasso kufanya kazi katika hospitali iliyoanzishwa na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria. Jumapili alitembea kwenye maboma na kamera yake. Mkanda ulipokwisha aliutuma Arusha kwa lori kusafishwa, na majibu yalichukua wiki nyingi, wakati wa mvua hata miezi. Alikuwa na daftari. Kila picha aliandika namba, jina la mtu na boma lake. Picha iliporudi aliipeleka kwa miguu, akaikabidhi mkononi mwa mwenyewe, kisha akakata mstari ule kwa wino, kama mwenye duka anavyofuta deni lililolipwa.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kusema, na sitalisema kwa upole. Picha ni deni. Ukimpiga mtu picha umechukua kitu kwake, na hujamaliza mpaka umekirudisha.

Naambiwa Wamaasai wanaogopa kamera kwa kuwa inachukua roho. Habari hiyo imeandikwa na kurudiwa mpaka watalii wanaijua kabla hawajashuka kwenye ndege. Mimi nimembebea baba mfuko wake tangu utotoni, sijamwona mama hata mmoja akiikimbia kamera ile. Akina yeyo walivaa shanga zao wakajipanga. Waliyoikwepa ni kamera ya mtu anayepita na gari, ambaye hawatamwona tena. Na leo kijana akisimama barabarani akadai fedha kabla ya kupigwa, tunamwita ombaomba. La hasha! Huyo amejifunza kudai malipo mapema kwa mdeni asiyeaminika.

Msidhani kwamba ni jambo dogo la adabu tu. Mwaka 1959 mipaka ya Hifadhi ya Serengeti ilichorwa upya, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro na Loliondo. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, inayosema kwamba Serengeti haitakufa. Mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Grzimek aliamini kwamba hifadhi haipaswi kuwa na watu, hata wenyeji wake. Dunia ikaiona ardhi hii kwa macho yake: nyumbu, pundamilia, simba, na anga. Mimi sidharau kazi yao. Michael alikufa katika ajali ya ndege akiifanya. Lakini nauliza: boma la mzee aliyehamishwa mwaka ule liko katika picha ya nani? Mtu asiyeonekana katika picha ni rahisi kuambiwa kwamba hakuwapo.

Mjukuu wangu atajibu kwamba mambo hayo yamekwisha, sasa kila mchungaji ana simu. Ana haki kidogo. Mwezi Juni 2022, vigingi vilipowekwa katika kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, eneo ambalo sasa ni Pori la Akiba Pololeti, ni picha za simu zilizozunguka dunia. Kamera ya baba isingeweza kazi ile. Hilo nakubali.

Lakini nilimwuliza, zile ulizopiga wewe ziko wapi? Akasema simu ilianguka mtoni. Na za mwaka uliofuata? Alibadilisha simu. Huyu kijana amepiga picha elfu kwa elfu, na ukutani kwa mama yake hakuna hata moja.

Miaka mitatu iliyopita alinijia mama mmoja mtu mzima kutoka kijiji cha jirani. Alikuwa amezika mama yake. Marehemu alikuwa mtu wa shanga nyingi na sura nzuri, na kwa miaka thelathini wageni wa kila taifa walimpiga picha. Pengine yuko katika nyumba za New York na Berlin. Binti yake hakuwa na hata moja. Akaniuliza, "Yule dakitari wa zamani hakumpiga?" Nikatafuta katika daftari. Namba 9, jina, boma, mstari umekatwa. Nakala ya karatasi ilikuwa imeungua na nyumba, lakini negativu ilikuwamo katika bahasha. Niliituma Arusha. Alipoipokea hakusema neno. Aliishika kwa mikono miwili, akaketi chini.

Kwa hiyo kamera hii siiuzi. Konica iliungana na Minolta mwaka 2003, na mwaka 2006 wakatangaza kuacha biashara ya kamera. Kamera imebaki, na mkanda wa 120, ulioanza mwaka 1901, unatengenezwa hadi leo. Lakini hata kama mkanda ungekwisha duniani, kanuni ya baba inafaa kwa simu pia. Ewe mgeni, andika jina la mtu na kijiji chake, umpe dereva nakala ailete safari ijayo. Ewe kijana, kila mwaka safisha picha chache ziwe karatasi, umpe mama yako.

Katika daftari la baba imebaki mistari 7 isiyokatwa. Wawili kati ya wenye picha hizo wamekufa, lakini wana watoto. Mmoja nimesikia yuko Sale. Barabara ikikauka nitakwenda.