Shilingi ya Kenyatta Haitakununulia Probox

Wasee, tuambiane ukweli. Hakuna tajiri Dubai anayekosa usingizi akitafuta shilingi yako ya mwaka 1967. Anayekutafuta ni broka, na hata yeye hiyo sarafu haitaki. Anataka ile 2,500 ya "usajili".

Kila wiki naletewa zile posti kwa inboksi. Kenyatta upande mmoja, bei yenye sufuri nyingi upande wa pili, namba ya WhatsApp chini. Wanaonitumia ni rika langu, kutoka Kitengela, Isinya, mpaka Mashuuru ndani. Mtu amefungua sanduku la shosho, amepata kopo la Kimbo limejaa pesa za zamani, na sasa ananiuliza kama aache kibarua. Usiache kibarua, tafadhali.

Mmoja wa hao "wanunuzi" nilimwandikia mwenyewe. Nikamuuliza vitu vitatu: unataka sarafu ya mwaka gani, ina uzito gani, na mara ya mwisho moja kama hiyo iliuzwa wapi? Hakujibu hata kimoja. Alinitumia namba ya till. Mnunuzi asiyeuliza hata picha ya upande wa pili si mnunuzi. Huyo ni mwizi mwenye bundles.

Na sisi watu wa Kajiado tungefaa kuwa wa mwisho kudanganywa hivi. Mabroka tunawajua. Tumeona wazee wakiambiwa ati hii ardhi ni mawe tupu, chukua hizi kidogo uende, na leo hayo mawe yamekatwa ploti za hamsini kwa mia. Broka wa shamba alikuambia mali yako ni rahisi ili ainunue. Broka wa sarafu anakuambia mali yako ni ghali ili ulipe ada. Maneno ni tofauti lakini biashara ni ileile: yeye anaishi kwa kile usichokijua. Dawa pia ni ileile. Jua.

Hakuna mtu wa Mashuuru atanunua ng'ombe kwa kusikia bei kwa simu. Siku ya soko pale Bissil utaona vijana wa miaka kumi na sita wakiangalia meno, kwato, nundu, halafu ndio bei ianze kutajwa. Ng'ombe tunamsoma. Sasa mbona sarafu, kitu chenye maandishi kabisa, tunashindwa kuisoma?

Basi mwaga hilo kopo mezani tulisome.

Za Kenya kwanza. Sarafu zetu wenyewe zilianza 1966, na zile za shilingi za Kenyatta zilitengenezwa kwa mamilioni. Kitu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho hakiwezi kuwa adimu kwa sababu tu mwenye nyumba amezeeka. Unayofaa kuangalia mara mbili ni ile ya shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Hiyo haikusambaa kama zingine. Ile ya 40 bob ya Kibaki ya 2003 iweke, ni kumbukumbu nzuri, lakini usikope Fuliza ukiitegemea. Na zile zenye twiga, kifaru, simba na ndovu zilitoka Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu kwa pesa. Hizo si za zamani. Hizo ni fare.

Za "East Africa" sasa, zile za mkoloni. Shilingi yenye simba mbele ya milima, soma mwaka. Kutoka 1921 mpaka 1946, robo ya hiyo sarafu ni madini ya fedha. Ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hivyo ndani kuna karibu gramu 2 za fedha. Zidisha na bei ya fedha ya leo, utapata pesa ya lunch, pengine na ya supper. Hesabu yako inaanzia hapo. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Na hata maandishi yanabadilika: zile za mbele zinamwita mfalme wa Uingereza mtawala wa India pia, kwa kifupi cha Kilatini "IND:IMP:". India ikapata uhuru 1947, na za 1948 hayo maneno hayapo. Yaani umeshika uhuru wa nchi ingine kwa kiganja na broka anakuambia utafute "zebaki".

Zile zenye tundu katikati ndizo nyingi zaidi. Angalia kama kuna herufi ndogo: H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Sasa kuna moja ya 1936 yenye jina la Edward VIII, yule mfalme aliyeacha kiti kabla hajamaliza mwaka. Sarafu zenye jina lake ni chache sana duniani, na Afrika Mashariki ni moja ya sehemu zilizozipata, kwa senti 5 na senti 10. Ukisikia hadithi hiyo unaona milioni, si ndiyo? Lakini hizo senti zilitengenezwa kwa mamilioni. Hadithi ni kubwa, bei ni ndogo. Ukielewa hiyo sentensi moja, umeshahitimu.

Umri pia unadanganya. Ukipata ile reale kubwa ya Maria Theresa imeandikwa 1780, usipige magoti. Ilikuwa pesa ya biashara kutoka Uhabeshi mpaka Zanzibar, na viwanda viliendelea kuitoa miaka na miaka vikiweka huo huo mwaka wa 1780. Na ile ya "East India Company" ya 1818 yenye picha za miungu na maneno "UKL"? Kampuni haikutengeneza kitu kama hicho. Ni bandia, nunua ukitaka pambo.

"Kwa hivyo unasema hakuna za bei?" Ziko. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana Wajerumani, karakana ya reli pale Tabora ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, elfu kumi na sita hivi tu. Hiyo ni mali kweli. Lakini karakana hiyo hiyo, mwaka huo huo, ilitoa heller 20 za shaba ya njano zaidi ya milioni moja, na hizo hazitakutoa popote. Kuna pia rupia ya fedha ya 1888 iliyoandikwa "Mombasa", ya ile kampuni ya Waingereza iliyotutawala kabla ya serikali yao. Ukiwa nayo, jua pia kwamba sheria yetu ya makumbusho ya 2006 inahesabu vitu vya kabla ya 1895 kama mali ya kale. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Yule anayekuambia utume kwa kuria haraka kimyakimya, hilo hakuambii.

Mambo ya vitendo, haraka. Usizisugue! Si kwa stilwulu, si kwa Colgate, si kwa ndimu. Wakusanyaji hulipia sura yake ya asili, na ukiing'arisha umeichuna ngozi. Tumia sumaku: ikishika, ni chuma kilichopakwa, si zebaki wala muujiza. Tafuta sarafu yako Numista, ni bure. Na kwa eBay usiangalie bei ambayo mtu ameomba, angalia ile iliyouzwa na kulipwa. Hata mimi naweza kuomba milioni kumi kwa kiatu changu cha kushoto.

Lakini kuna kitu kinaniuma kuliko hiyo ada. Shosho wetu wengine walizitunga zile senti zenye tundu kwenye shanga. Sasa kuna vijana wanakata mikufu ya nyumbani kwao watoe sarafu, ndio wapige picha wamtumie broka. Senti 10 moja utapata nyingine sokoni kwa pesa kidogo. Mkufu hautapata. Mkono uliotunga hizo shanga, kwa hiyo mpangilio, kwa sababu aliyoijua mwenyewe, hautatunga tena. Umeharibu kitu kisicho na mwenzake ili utoe kitu chenye wenzake milioni nne. Broka hajakuibia 2,500 tu hapo. Amekufanya ujiibie.

Najua mtaniambia nawavunja moyo, ati kila mtu ana bahati yake. Bahati ya mkeka tunaijua pia, na tunajua nani hujenga ghorofa. Kama kopo liko kwenu, kaa na shosho jioni moja kabla ya kuandikia mtu yeyote. Muulize hii alilipwa kwa kazi gani, hii ilinunua nini, hii aliificha ya nini. Andika. Halafu soma mwaka, soma herufi, pima uzito, ujue bei yake halali, na ukitaka kuuza, uza. Si dhambi. Lakini uuze ukiwa umesimama, kama mtu aliye na ng'ombe wake mwenyewe Bissil, si ukiwa umeinamia till ya mtu usiyemjua.

Na hiyo posti ya milioni mbili, usinitumie tena. Itumie ripoti.